Aliyezaliwa Tarehe Sifuri Julai

Chukua orodha ya kikundi chochote cha kuweka na kukopa hapa Mkolani, Nyamagana: jina, simu, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA). Katibu anaiandika kwenye Excel, kijana wa kompyuta anaihamishia Python, kisha mtengeneza programu ya simu anaipokea kwa JavaScript. Safari ikiisha, wanachama hawapatikani hewani kwa kuwa sifuri za mwanzo za namba zao za simu zilishuka njiani bila kuaga. Hilo ni dogo. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa tarehe ya kuzaliwa, ilhali Excel hutunza 15 tu. Tano za mwisho huzigeuza sifuri. Baya zaidi, namba ya aliyezaliwa Julai 1985 huionyesha kama 1.98507E+19, na ukihifadhi faili kama CSV, ndicho kinachoandikwa. Python ikisoma hapo inapata mtu wa mwaka 1985, mwezi wa saba, tarehe sifuri. Wanachama wote waliozaliwa Julai ile wamekuwa mtu mmoja, mwenye mikopo mingi na asiyehitaji mdhamini, maana anajidhamini mwenyewe.

Tatizo linaanza pale tunapoita namba kitu kisichojumlishwa. Nani amewahi kutafuta wastani wa namba za simu za Nyamagana? Hayo ni majina, ila yameandikwa kwa tarakimu, na yahifadhiwe kama maandishi. Wapo watakaosema tuanze na Python moja kwa moja, kwani namba zake nzima hazina ukomo wa tarakimu. Ni kweli, hadi siku data inapofika JavaScript, ambako namba za kawaida huaminika mpaka 9,007,199,254,740,991, yaani tarakimu 16. Zaidi ya hapo inakadiria, na kitambulisho cha kukadiria hakimtambulishi mtu. Wengine watamlaumu katibu kwa uzembe. Basi wawalaumu na wanasayansi: mwaka 2020 jeni MARCH1 ilipewa jina jipya, MARCHF1, kwa sababu Excel iliigeuza tarehe. Wataalamu wa jeni wamesalimu amri. Katibu wetu, anayehesabu na marejesho, angefanyaje?

Kwa hiyo, ndugu katibu, kabla ya kuandika chochote, zipe safu za simu na NIDA muundo wa maandishi. Nawe unayepokea, zisome hivyohivyo. Tarakimu zilizokwisha kugeuka sifuri hazirudi. Kusanyeni vitambulisho mwandike upya.