Dawa ya Panya, Mende na Usingizi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyejifungua likizo ya siku 84, na akijaliwa mapacha anapewa 100. Baba anapewa 3. Siku ya tatu hata kitovu cha mtoto hakijadondoka, lakini baba mtu keshachomekea shati, yuko ndani ya daladala ya Posta, kaning'inia kwa mkono mmoja, anasinzia juu ya bega la abiria asiyemjua. Waliotunga kifungu hicho ama hawakuwa na watoto, ama walikuwa nao na wakataka kisingizio cha kurudi ofisini mapema. Mimi nadhani ni hilo la pili.

Kwa sababu, tuambiane ukweli, ofisini pametulia. Nyumbani kwangu ni Sinza.

Mtoto nimempata ukubwani, umri ambao wenzangu wanalipa ada za sekondari, kwa hiyo nimeingia kwenye ulezi nikiwa na hasira za kizee tayari. Binti mwenyewe hana neno. Ananyonya, anacheua, analala. Kule kliniki muuguzi alimwambia mke wangu, "Mama, mtoto akilala na wewe lala." Ushauri mzuri kabisa. Muuguzi yule lazima anakaa Kibaha.

Adhana ya alfajiri siihesabu, na spika za walokole wa mtaa wa pili sizitaji, maana nataka kuzikwa vizuri. Baa nazo naziacha, zina saa zake. Mimi nazungumzia mchana, saa ambazo kichanga anajaribu kulala na mama yake anajaribu kumfuata. Saa 2 asubuhi anapita fundi cherehani, mashine begani, anachezesha mkasi, kacha kacha kacha. Nyuma yake kijana wa kung'arisha viatu anagonga brashi kwenye boksi lake. Muuza kahawa anagonganisha vikombe. Hawa nawavumilia, hata nawapenda. Kisha anakuja mnunuzi wa vyuma chakavu, akifuatwa na muuza aiskrimu mwenye kiwimbo kimoja ambacho aliyekitunga alisahau kukiwekea mwisho. Halafu anaingia yeye. Wa dawa.

Ana baiskeli, na mbele ya baiskeli kafunga spika kwa mpira wa tairi. Spika inasema, "Dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni, viroboto, sisimizi, mchwa, na yule panya buku anayekula sabuni, anamaliza ndoo, anahamia kitandani, jero tu, jero tu, jero tu." Orodha ikiisha inaanza upya bila hata kumeza mate. Binti yangu ataanza kusema siku si nyingi. Ndugu wanabishana neno la kwanza litakuwa "mama" au "baba". Mimi najua litakuwa "kunguni".

Hapo ndipo penye ugomvi wangu na jiji hili. Kelele si jambo geni, na mimi si mtu wa kijijini. Ila kelele ya zamani ilitoka kooni, na koo huchoka. Linakauka, linakohoa, linaomba maji kwenye nyumba ya jirani, linakutana na shemeji linasimama kumsalimia. Tena juu ya koo kuna macho mawili. Hakuna anayepiga kelele kumshinda konda wa daladala, lakini tulipompeleka mtoto chanjo ya wiki ya 6, konda alituona kwa mbali, akaikata "Mwenge-Mwenge" yake katikati, akampigia kijana wa siti ya mbele, "Oya, mpishe mama na mtoto." Mpaka tunashuka aliendelea kuita abiria kwa ishara za vidole na kugonga bodi kwa ukucha. Spika ya kunguni haijawahi kumpisha mtu.

Mimi nimekulia Tanga, Ngamiani, kwenye mitaa inayoitwa kwa namba, mtu anakuuliza unakaa wapi unamjibu Barabara ya 12 na anakuelewa. Miaka ya 80 wachuuzi walikuwepo tele. Muuza samaki alikuwa na baiskeli na honi ya kuminya, watoto walipita na sinia za maandazi kabla jua halijatoka, kila mmoja ana mtindo wake wa kuita. Lakini nyumba yenye mzazi ilijulikana mtaa mzima. Muuza samaki alipofika hapo alishuka kwenye baiskeli, akaikokota kimya, akapiga hodi kwa mdomo. Sisi tuliokuwa tukicheza kombolela chini ya dirisha tulifukuzwa na mtu mzima yeyote aliyepita, awe anatujua au hatujui, na ukirudi nyumbani kulalamika unaongezewa kibao.

Halafu kulikuwa na suala la betri. Redio ya baba ilikula betri kubwa nne, na betri zenyewe zilikuwa adimu. Zikianza kuchoka ziling'atwa kidogo kwa meno, zikaanikwa juani ukutani pamoja na mihogo, na sisi watoto tukapewa zamu ya kuzilinda kuku wasizidondoshe. Zikipata nguvu kidogo, nguvu hiyo ilikuwa na wenyewe: taarifa ya habari ya Radio Tanzania saa 2 usiku, zile ngoma zikilia nyumba nzima kimya, na sisi tukijitahidi sana tunaachiwa kipindi cha Mama na Mwana. Mtu angemwendea baba wakati ule kumwambia itafika siku betri zitatumika kutwa nzima kuwatangaza kunguni, angemwitia shehe amsomee.

Msinijie na habari za sheria, nimeshazitafuta. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo zipo tangu 2015, na baraza la mazingira, NEMC, lilipoamka mwaka 2022 lilifungia baa kadhaa hapa mjini, watu wakalalamika wiki nzima kwa sauti ya juu. Sasa nipige simu niseme nini? Kwamba kuna mshukiwa anaendesha baiskeli kwa mwendo wa kutembea? Afisa akifika na kipimo chake mshukiwa yuko Kijitonyama, na kipimo kitasoma kelele za gari la afisa.

Basi mambo yalikuwa hivyo mpaka mama yangu alipokuja kutoka Tanga kumwona mjukuu. Alishuka kwenye basi na ndoo ya samaki wakavu, furushi la pilipili manga kwa ajili ya uji wa mzazi, na wanja. Kabla ya kukaa alikuwa keshampaka mtoto nyusi mbili nene na doa la mviringo kwenye paji la uso, upande mmoja, kuzuia husuda. Mtoto akawa na sura ya mtu aliyekasirishwa na risiti. Akamwambia, "Haya mke mwenzangu, sasa hata wakikuangalia watacheka tu."

Asubuhi yake spika ikaingia mtaani. Mama alikuwa barazani anachambua mchele. Ilipotangaza dawa ya panya, akajibu kwa heshima, "Ahsante baba, hatuna." Ikatangaza mende. "Hao pia hatuna, ahsante." Ikarudia panya. Mama akainua uso. "Huyu hasikii?" Nikamweleza kuwa haongei mtu, ni rekodi. Akaniuliza mwenye rekodi yuko wapi, nikasema nyuma ya spika. Akajifunga kanga vizuri, akatoka. Mimi nikamfuata, maana kwa miezi yote nilikuwa nikililalamikia dirisha, sijawahi kumwona huyo mtu kwa karibu.

Tulimkuta kaegemea baiskeli chini ya mwarobaini wa jirani, kijana mdogo tu, masikio yote mawili kayaziba kwa eafoni. Anasikiliza mpira.

"Shikamoo bibi," akasema, akichomoa moja.

"Marahaba mwanangu. Zima hicho kidude, ndani mna mzazi."

"Hakizimiki bibi. Swichi ilikufa tangu mwaka jana. Nikitaka kizime mpaka nichomoe waya wa betri, na nikichomoa, kukiwasha tena ni shughuli."

"Basi punguza."

"Kitufe cha kupunguza ndicho kilichotangulia kufa."

Mama akaisikiliza spika mizunguko miwili, kichwa kakiinamisha upande, kama anavyomsikiliza mtu anayeomba kukopeshwa. "Hii sauti ya nani? Si yako."

"Ya jamaa wa Kariakoo, bibi. Anaturekodia wote."

"Ndiyo maana. Huyu mtu hajawahi kumwona kunguni."

Nilitegemea angeendelea kumgombeza. Badala yake alimnunulia pakiti mbili, kwa sababu huwezi kumsimamisha mtoto wa watu kazini kwake ukamwacha aende mikono mitupu. Matokeo yake anaweza kuyakisia yeyote anayewajua wafanyabiashara. Kuanzia siku hiyo tukawa wateja. Akifika getini kwetu hapiti tena. Anasimama.

Jioni nilimlalamikia mama kwamba Tanga haikuwa hivi, Tanga kulikuwa na utulivu, mtoto alilala. Alicheka mpaka akaweka ungo chini. "Tanga ipi hiyo wasema? Tanga ya Black Star na Lucky Star?" Akanikumbusha kwamba hapakuwa na harusi ya tarabu ya vikundi hivyo aliyoikosa, na kwamba mimi nililazwa kwenye mkeka nyuma ya akina mama, gitaa linalia, vigelegele vinapigwa, wanawake wananiruka kwenda kutunza, na sikufumbua jicho mpaka alipofunga mbeleko kurudi nyumbani. "Ulikuwa waamka nikikuweka peke yako chumbani," akasema. "Hapo ndipo mtaa mzima walikujua."

Habari hii haipatani hata kidogo na kumbukumbu zangu za muuza samaki anayekokota baiskeli, nikamwambia hivyo. Akasema muuza samaki alikokota baiskeli kwa sababu tairi lilikuwa na pancha, na alikuwa anadaiwa na baba.

Siku chache baadaye nilirudi kutoka kazini nikawakuta wote wawili barazani, kijana wa dawa na mama, sahani ya mihogo katikati, na simu ya kijana imeegemezwa kwenye birika. Walikuwa wanarekodi. Mama alishagombana naye juu ya orodha, akisema mende hawezi kutajwa kabla ya kunguni kwa sababu mende hamnyimi mtu usingizi. Nikasimama mlangoni nikamsikiliza anaanza, sauti ile ile aliyokuwa akiitumia kututuma dukani.

"Hodi wenyewe. Msije kutoka mbio, ni mimi tu. Mwenye panya, dawa ipo. Mwenye kunguni asione haya, kunguni hupanda hata kitanda cha hakimu. Jero tu. Wenye watoto wachanga, mtuwie radhi, tunapita." Hapo akanyamaza. Kijana akanyoosha mkono kuizima simu, mama akamzuia. "Acha hapo hapo. Mtu sharti apumue."

Rekodi ile ina kimya kirefu kuliko maneno. Kijana alihofia biashara itakufa, lakini ananiambia anauza kuliko zamani, watu wanatoka majumbani wakidhani wamepata mgeni. Wawili watatu wamemjibu "karibu" na kumwekea kiti.

Mama karudi Tanga, ana kuku wake kule na watu wa kugombana nao. Sasa nina malalamiko mapya. Binti yetu amekwisha kujua kwamba bibi hayupo, na kila ifikapo saa 10 jioni, saa ambayo bibi alikuwa akimbeba mgongoni, anaangua kilio ambacho ziwa halikinyamazishi, mbeleko haikinyamazishi, na mimi ndiyo kabisa nakiongezea mafuta. Kinachokinyamazisha kinapita kwa baiskeli. Ikisikika ile "Hodi wenyewe" kona ya kwanza, mtoto ananyamaza na kugeuza kichwa kwenye dirisha. Kwenye kimya anasubiri. Ikifika kwenye kitanda cha hakimu, kope zimeshaanguka.

Kwa hiyo Jumamosi mimi ndiye ninayesimama getini, mtu mzima na kibarua chake, namsubiri muuza dawa ya panya na jero mkononi. Nyumba yangu ina dawa ya kuwamaliza panya wa Sinza yote mpaka Manzese, na panya mwenyewe sijawahi kumwona. Mke wangu ameuliza kwa nini nisimwombe mama arekodi kwenye simu yangu. Nilimwomba. Alisema yeye hawezi kuongea peke yake bila biashara, si mwendawazimu.

Jumamosi iliyopita saa 10 ikapita, saa 10 na nusu ikapita, mtoto kanyanyua mtaa. Nikapiga simu, nimemwandika "Panya".

"Uko wapi bwana?"

"Niko Tandale, bosi."

"Tandale unafanya nini?"

"Si kuna kunguni?"

Nyuma yake nikamsikia mama yangu, mbali kidogo, akiwataka radhi wenye watoto wachanga wa Tandale. Nikaibandika simu kwenye sikio la binti yangu. Akashusha pumzi, akanyamaza, akaishika simu kwa mikono miwili na kuanza kuilamba. Kijana alipochoka kusubiri akauliza kama bado nipo. Nikamwambia nipo, asikate, na asithubutu kugusa ile betri.

"Sawa bosi," akasema. "Ila dakika zangu zinaisha. Nitumie ya vocha."