Utangulizi wa Elimuvikombe

Anayeanza kujifunza usanifu kwa kompyuta hupewa achore kikombe. Apewe nini kingine? Nyumba ina mambo mengi, gari halishikiki, na mchemraba ni kumdharau mtu mzima. Kikombe kila mtu anakijua, na balaa linaanzia hapo hapo. Elimuvikombe, taaluma changa yenye mtaalamu mmoja hadi sasa, huvipanga vikombe vya wanafunzi kwa kigezo kimoja tu: ni jambo gani mchoraji aliliona halina haja ya kusemwa.

Kundi lenye watu wengi ni Kikombe Gogo. Mwanafunzi huchora duara, huliinua hadi milimita 90, hubandika mkono, kisha hupaka rangi ya buluu. Kinapendeza, ila hakina pa kutilia chai. Programu haikulalamika, kwani nani aliiambia kwamba kikombe huwa na uwazi? Ndugu yake ni Kikombe Utando, ambacho uwazi kinao lakini unene wa ukuta wake ni sifuri, hivyo printa ya 3D haina cha kuchapa. Wanaomcheka mwenye Utando wakumbuke birika la Utah. Mwaka 1975 Martin Newell wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, aligeuza birika la chai la nyumbani kwake kuwa namba, na hadi leo wataalamu wa picha za kompyuta hulitumia kujaribia mwanga na vivuli. Birika hilo la namba halikuwa na unene, na mwanzoni hata kitako halikuwa nacho. Lile la kauri limehifadhiwa Computer History Museum huko California, na kitako linacho.

Kikombe Legelege ni hatari zaidi kwa sababu hudanganya macho. Huchorwa nusu ya ubavu, kisha nusu hiyo ikazungushwa nyuzi 360 kwenye mhimili. Kila kitu kiko sawa hadi mtu aburute nukta moja, mdomo ukashuka chini ya kitako. Mistari ilichorwa bila kubanwa: hakuna aliyesema huu usimame wima, ule ulale, huu ukae milimita 40 kutoka kwenye mhimili. Katika programu ya usanifu ya FreeCAD, mchoro uliobanwa kila upande hugeuka kijani. Wapo wasioingoja kijani hiyo kwa hoja kwamba "mbona inaonekana vizuri tu". Hao tunawashauri wakachore mandhari.

Sasa tufike kwa Kikombe Pembe, fahari ya makusanyo yetu. Ukuta wa kikombe umejipinda na ncha ya mkono ni bapa. Ukiugusisha mkono ukutani, pembeni hubaki upenyo. Ukiusukuma ndani kidogo ili ushike, ncha hutokeza upande wa pili, na mnywaji akiinamisha kichwa anaona vipembe viwili vikimtazama kutoka kwenye chai. Wengi huanza kuvikwangua kimoja kimoja, jambo linalochukua jioni nzima. Mjanja hubadili mpangilio wa kazi: anaanza na gogo, anazamisha mkono bila huruma, halafu ndipo anachimba uwazi, na pembe zinakwenda na uchafu. Kwa hiyo Gogo, tuliyemdharau pale juu, ni hatua halali ya ukuaji. Kosa lake ni kukomea hapo.

Kuhusu Kikombe Tangi hatutasema mengi. Faili la STL, ambalo hupelekewa printa ya 3D, hubeba namba bila kusema ni za kizio gani. Kikombe chenye upana wa 80, kimo cha 90 na ukuta wa 4, kwa milimita huingia chai ya mililita 350 hivi. Namba zile zile zikisomwa kwa inchi, kimo kinapita mita mbili na robo, na ndani zinaingia lita zipatazo 5,700. Familia yenye shida ya maji isikitupe.

Linabaki kundi la Kikombe Kamili: uwazi upo, unene upo, mistari ya kijani, pembe hakuna, milimita ni milimita. Mwenyewe hukichapa kwa plastiki ya PLA, hukipiga picha, huwatumia ndugu na jamaa. Kisha humimina chai. PLA huanza kulegea kwenye nyuzi joto 60 hivi, na chai ya kwetu hunywewa ikitoa moshi. Elimuvikombe imekihamishia katika tawi la vyombo vya kuwekea kalamu, ambako kinafanya kazi nzuri sana.