Mkalimani Asiye na Mshahara

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inataka kila shule nchini Kenya iwe na Chama cha Wazazi, na kila darasa liwe na mwakilishi wake humo. Katika shule yetu ya Eastleigh, Nairobi, uchaguzi wenyewe ni mfupi: hutafutwa mzazi anayesikia lugha nyingi, kisha wengine wote hupiga makofi kabla hajafungua kinywa.

Mimi ni Mkamba niliyelelewa Garissa. Kikamba nilikinyonya, Kisomali nilikiokota dukani kwa baba, Kiswahili na Kiingereza nikapewa shuleni kwa kiboko. Utajiri huo haujawahi kuninunulia hata robo ya sukari, ila kazi za bure kama hii umenipatia tele.

Tangu mtaala wa CBC uingie madarasani, mzazi naye ni mwanafunzi. Watoto wa Gredi ya 4 walipoagizwa kutengeneza sanamu ya kufukuza ndege shambani, simu yangu ilijaa jumbe za sauti usiku kucha. Kisomali, Kikamba, hata Kioromo nisichokijua, lakini swali nililielewa: shamba lipi? Mtaa wetu kilimo chake ni dania kwenye mkebe, dirishani.

Kisha kikao cha wazazi. Mwalimu akatangaza safari ya kwenda kutazama simba katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Ayeyo mmoja, nyanya wa mwanafunzi, akanigeukia kwa Kisomali.

“Mwambie kwetu Ijara simba huja wenyewe mpaka zizini, bila kiingilio. Wakiondoka, mbuzi hawatimii. Leo nitoe pesa niwafuate?”

Mwalimu akanitazama.

“Anaunga mkono safari,” nikasema. “Anauliza tu kama kuna punguzo.”

“Mbona amesema mengi?”

“Kisomali kina salamu ndefu, mwalimu.”

Mwalimu akaongeza kwamba mjukuu wa ayeyo huyo husinzia darasani. Ayeyo akajibu kwamba hata yeye, kwa kumsikiliza mwalimu huyu kwa muda mfupi tu, kope zimeshakuwa nzito. Nikatafsiri: “Atamlaza mapema.”

Mwaka ulipokwisha niliomba kupumzika. Akapendekezwa baba mmoja mpole, wa Kiswahili na Kiingereza basi. Makofi yalikuwa yameshaanza ayeyo aliposimama, akatengeneza shungi lake, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu:

“Mwalimu, huyu mwanangu asitoke. Kiswahili nakijua, nimeuzia watu maziwa ya ngamia hapa mtaani miaka na miaka. Lakini nikikwambia mwenyewe yaliyo moyoni mwangu, mjukuu wangu atatafutiwa shule nyingine.”

Kikao kizima kikanyamaza. Mwalimu akanigeukia polepole.

“Kwani siku ile alisema nini kuhusu simba?”

“Kwamba punguzo liwe nusu.”

Nikachaguliwa tena, bila kupingwa.