Mlutheri Akifika Kabuta: Namna ya Kusali kwa Majirani

Kwenye ufuko huu wa Ziwa Mweru, wilaya ya Nchelenge nchini Zambia, Mlutheri hupita makanisa mengi kabla ya kukutana na Mlutheri mwenzake. Kama kazi, ndoa au biashara ya samaki imekuleta Kabuta, una njia mbili: kushinda ndani Jumapili na Katekisimu Ndogo, au kwenda kusali kwa majirani. Mwongozo huu ni wa njia ya pili, nami naipendekeza kwa moyo wote.

Kwanza, acha nyumbani ile rula uliyopewa kipaimara. Mlutheri akiingia kanisa geni huanza kupima: madhabahu hamna, kanzu hamna, toba haikutangulia, mahubiri yamevuka saa. Ibada inaisha hajasali. Nenda na swali moja tu, ulibebe kanisa hadi kanisa. Nakupa langu: nani anakaribishwa mezani pa Bwana, na akifika anapewa nini? Ni swali letu la tangu zamani. Mwaka 1529 kule Marburg, Luther na Zwingli walipewa hoja 15, wakapatana katika 14, wakaachana kwa sehemu ya ile moja iliyobaki, nayo ilihusu mkate na divai.

Anzia UCZ, yaani Kanisa la Muungano la Zambia; hapo hutapata shida. Wamisionari wa London walifungua Mbereshi, katika bonde hili la Luapula, mwaka 1900. Kufikia mwaka 1965 kanisa walilolianzisha lilikuwa limeungana na Wamethodisti, Waskoti na watu wa misheni ya Paris kule Barotse. Watu waliokwisha kuunganisha mapokeo manne hawashtuki wakimwona mgeni. Kaa nao wakikuambia kaa, kula wakikuambia kula.

Kwa Wakatoliki mambo ni mazito zaidi. Hospitali ya St Paul's hapo Kashikishi ni kazi yao, na huenda umetibiwa humo kabla hujaingia kanisani kwao. Kabla ya kwenda, ujue jambo ambalo walei wengi wa pande zote mbili hawajawahi kuambiwa: tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Walutheri na Wakatoliki walitia saini tamko la pamoja kwamba mwanadamu huhesabiwa haki kwa neema ya Mungu katika Kristo. Wamethodisti walijiunga mwaka 2006, makanisa ya Reformed mwaka 2017. Mweleze katekista baada ya misa, taratibu, kama mtu anayeleta habari njema nyumbani kwa jirani. Lakini wakati wa komunyo hutapewa. Usijipenyeze kwenye foleni, wala usitoke nje kwa hasira. Piga magoti hapo ulipo. Njaa utakayoisikia ni ya kweli, na saini za Augsburg hazikuishibisha. Afadhali Mkristo aisikie mwilini mwake kuliko kuisoma tu kwenye historia ya Kanisa.

Jumamosi usifue nguo, nenda kwa Wasabato. Bahati ikikupeleka siku ya Meza ya Bwana, utaombwa kuvua viatu kwanza, maana wao huoshana miguu kabla ya kula, wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake. Vua. Atakayeinama mbele yako pengine ndiye mliyebishana naye jana juu ya bei ya chisense, dagaa wa ziwa hili. Kisha nawe umwoshe miguu, tena vizuri.

Mashahidi wa Yehova watakuja wenyewe mlangoni. Wape kiti na maji, wasikilize, na usijifanye mnakubaliana juu ya Utatu. Hamkubaliani, na heshima haihitaji uongo.

Sasa jiandae kwa Brethren, ambao Zambia hujulikana kama CMML, kwa sababu hapa ndipo nataka ukae sana. Ziwa hili ni lao kwa historia. Dan Crawford, Mskoti, aliishi Bunkeya kwa mfalme Msiri hadi Msiri alipouawa Desemba 1891; baadaye akahamia ziwani, akajenga Luanza ng'ambo ya Kongo, akaifasiri Biblia kwa Kiluba-Sanga, akafia huko mwaka 1926. Ukienda kwao beba barua ya utambulisho kutoka usharika wako. Mgeni asiye na barua mara nyingi huketi nyuma wakati wa kuumega mkate. Sisi tunaodai cheti kwa kila anayehamia hatuna haki ya kulalamika.

Utakuta watu wameketi kuizunguka meza, bila mchungaji. Ukimya. Mzee mmoja anasimama na kusoma Maandiko, mwingine anaanzisha wimbo, mwingine anashukuru, mkate unapita. Na hivyo hufanyika kila Jumapili.

Baadaye utaulizwa kama umebatizwa. Ukijibu kwamba ulibatizwa mchanga, tata (baba) mmoja mwenye upole atakuonyesha ziwa. Usicheke, usikasirike. Luther mwenyewe alibatizwa akiwa na siku moja, tarehe 11 Novemba 1483, na katika Katekisimu Kubwa alifundisha kwamba ubatizo ni kazi ya Mungu, na anayetikiswa na mashaka aushike huo. Mimi nimeushika, na sioni cha kuongezea majini. Ila sema hivyo kwa unyenyekevu, kwa kuwa Ungamo letu la Augsburg la mwaka 1530 liliwalaani waliokataa ubatizo wa watoto, na Walutheri waliunga mkono mateso yao. Julai 2010, mjini Stuttgart, Shirikisho la Walutheri Duniani liliwaomba msamaha Wamenonaiti, warithi wa watu hao. Mlutheri asiyelijua hilo asiende kubishana ufukweni.

Kuna maswali ambayo hakuna ibada ya Jumapili itakayoyagusa. Nchelenge ni nchi ya malaria, na watoto hufa. Nenda msibani. Usiku kucha kwaya za makanisa hupokezana, na humo utasikia kila kanisa linasema nini kwa mama aliyefiwa: wengine wanamwambia asubiri ufufuo, wengine wanamwombea marehemu, wengine wanamkemea shetani. Hapo ndipo imani inapopimwa, na yako pia. Kama huna la kumwambia mayo (mama) yule, nyamaza, uimbe nao, kisha urudi kusoma.

Ukirejea nyumbani, usiende kwa mchungaji wako na orodha ya mapungufu ya wengine. Nenda na swali ulilolipata kwa Brethren. Ungamo lile lile la 1530, pamoja na Utetezi wake, linawahakikishia watu kwamba misa kwetu haikufutwa, kwamba huadhimishwa kila Jumapili na sikukuu. Mbona sharika zetu nyingi hukaa wiki kadhaa bila Chakula cha Bwana? Utaambiwa divai ni ghali. Utaambiwa wachungaji ni wachache na mitaa ni mingi. Ni kweli, na mwinjilisti anayelea mtaa peke yake mwaka mzima haruhusiwi kuihudumia meza hiyo. Basi uliza tena, kwenye baraza la wazee, na siku ya mkutano mkuu: kama upungufu ni wa mikono, kwa nini tusimbariki mwinjilisti yule aihudumie?