Sifa za Herufi S

Katika fadhila zote ilizojaaliwa sarufi ya Kiingereza, hapana iliyo tukufu kuliko ile herufi s inayotiwa mwishoni mwa kitenzi kila atajwapo mtu mmoja asiyehudhuria mazungumzo. Kwani hata hapa Tabora, katika njia ya misafara ya kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, hatujapata kuona mizigo ikigawanywa kwa hekima kama hiyo. Mpagazi wa Kinyamwezi alichukua frasila 2 begani, na mwenziwe frasila 2, wakaenda wameelemewa sawasawa. Kiingereza kina adili bora kuliko hilo: wakienda watu mia, hawachukui kitu, akienda mmoja, tena yule asiyekuwapo kujitetea, hutwikwa s. Akiwa alikwenda jana, hutuliwa. Akiwa atakwenda kesho, hutuliwa. Leo tu ndiyo siku yake ya taabu. Nimekesha naye bwana huyu juu ya kitabu cha mazoezi kilichotolewa fotokopi hata mistari ikapinda, nikamwonea huruma kama ndugu yangu.

Fadhila nyingine nazitaja kwa mkato: vihusishi humfunza mtu subira, na tahajia humwondolea kiburi.

Basi sikunung'unika chuo kikuu kimoja cha ng'ambo kiliponitaka ushahidi kwamba nakijua Kiingereza, ilhali tangu kidato cha kwanza hadi shahada nimefundishwa na kutahiniwa kwa lugha hiyo, na vyeti vyangu, kwa Kiingereza fasaha, vyasema hivyo. Yatakiwa TOEFL, mtihani wa Wamarekani ulioanza 1964, unaolipiwa kwa dola, ambao matokeo yake hudumu miaka 2, kisha huhesabiwa yamechacha. Yamechacha! Nani aliyewaambia kwamba mtu hulala na lugha akaamka hana? Julius Nyerere mwenyewe, aliyesoma Shule ya Tabora na 1963 akatoa tafsiri ya Julius Caesar ya Shakespeare, lau angeomba nafasi leo, nadhani angeambiwa kwanza apande gari moshi kwenda Dar es Salaam akapimwe kama ajua s hukaa wapi.

Na wakulima wa Norfolk, huko huko Uingereza, aghalabu huiacha s hiyo waongeapo, kama walivyoiacha babu zao. Wala hapana karani wa udahili aliyewaandikia barua kuwataka walipe dola ili wathibitishe kwamba Kiingereza wanakijua.