Kamba ni Wetu: Mhadhara wa Wazi Chini ya Mkwaju, Tseikuru

Waheshimiwa wazee, akina mama wa soko, vijana wa bodaboda mliozima injini kwa heshima yangu, na ninyi ambao hamjazima: nawasalimu kwa jina la taaluma. Mimi ni Bingwa wa Isimu ya Viumbe Wenye Magamba, shahada niliyojitunuku baada ya vyuo vikuu kadhaa kuchelewa kujibu barua zangu. Wivu wa wasomi mnaujua.

Mada ya leo ni kamba. Naona mzee wa mbuzi ameinua ya kwake. Si hiyo, Mzee. Nazungumzia kamba mwenye miguu kumi, ambaye hapa Tseikuru hajulikani sokoni wala jikoni, na ndiyo maana nimechagua kuhutubia hapa wala si Lamu. Lamu watu hubisha.

Tuanze na ngeli, maana asiyejua ngeli asitumwe kitoweo. Kamba hii hufunga mbuzi. Kamba huyu huliwa kwa wali wa nazi. Kamba hili hutolewa mzingani likichuruzika asali. Na Mkamba ndiye anayewauzia wenzake yote matatu, akipata gari. Hivi majuzi mgeni kutoka Mombasa alimwambia mwaitu mmoja pale kibandani, “Nitafutie kamba wazuri wa chajio.” Kwa kuwa sisi wa bara ngeli hatuzigombanii, mwaitu akampimia mita nne za mkonge, akamuuliza anataka nene au nyembamba. Mgeni akasema wanene, tena wasiwe wamekaa sana juani. Walielewana vizuri kabisa hadi yalipofika mambo ya kumenya.

Huko Pwani majina hayakosekani. Kuna uduvi, vijana wadogo wasioweza kuhojiwa mmoja mmoja. Kuna kamba wenyewe. Kisha kuna kambakochi, bwana mkubwa wa miiba na vipapasio virefu, ambaye mtalii humlipia pesa za mbuzi mzima na bado akaondoka na njaa. Lakini yule wa maji baridi, mwenye makucha mawili ya mbele kama koleo la fundi, Kiswahili hakikumwandalia kiti chake. Sababu ni kwamba Afrika bara haikuwa naye. Madagaska wapo wa asili. Huku kwetu aliletwa. Waingereza wasiwacheke: walisikia jina lake kwa Wafaransa, wakadhani mwisho wake ni “samaki”, na hadi leo wanamwita samaki mnyama asiye na hata pezi moja. Hao ndio tunaowauzia mashamba ili watoto wakasome kwao.

Wa kwetu aliachiliwa katika Ziwa Naivasha mwaka 1970, mwekundu, asili yake Louisiana, Marekani. Ilikusudiwa biashara, na kweli miaka michache baadaye alikuwa akisafirishwa kwa tani kwenda Ulaya. Shida ni kwamba naye alikuwa amekuja kula. Alitafuna mimea ya majini na mayungiyungi mpaka sehemu kubwa za ziwa zikabaki tupu, kisha akahamia kwenye nyavu za wavuvi, akiwatangulia kuwaonja samaki walionaswa. Msimlaani upesi, lakini. Hula pia konokono wanaobeba kichocho, na utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba penye kamba hawa, maambukizi kwa watoto wa shule nchini Kenya yalipungua.

Sasa kaeni vizuri. Wanasayansi wanamwita Procambarus. Rudieni nami taratibu: Pro. Kamba. Rusi. Mwenye masikio amesikia. Wapinzani wangu watadai ni Kilatini, na kwamba Walatini nao walichukua kwa Wagiriki. Haya, Wagiriki walichukua kwa nani? Wakamba wa karne ya 19 walibeba pembe za ndovu hadi Rabai na Mombasa. Nani ataapa kwamba hakuna msafara hata mmoja uliopitiliza kidogo ukaishia Athens? Tarehe hazilingani, najua. Tarehe ni kazi ya makarani.

Miaka ya 1470 Wareno walifika kwenye mto mmoja wa Afrika Magharibi, wakakuta kamba tele, wakauita Rio dos Camarões. Leo hiyo ni nchi nzima, Kameruni. Taifa lililomzaa Samuel Eto'o linatembea na jina la kitoweo chetu, na hatujalipwa hata senti!

Bado mna shaka? Bwawa la Kamburu liko mto gani? Tana. Tana unapita wapi? Hapo kaskazini mwetu. Unamwaga maji wapi? Kipini, baharini, nyumbani kwa kamba. Na mabwawa ya umeme, kuanzia Masinga hadi Kiambere, yote yako juu yetu, kwa hiyo kamba akiamua kupanda kutoka baharini kuja kututembelea, hakuna ukuta wa kumzuia. Kwamba hajafika ni dosari ya adabu zake, si ya nadharia yangu.

Naam, kijana wa nyuma, uliyewahi kuwa utingo Tanga. Unasema kule mtu akiambiwa anawafunga watu kamba, maana yake anawadanganya? Asante sana, mwanangu. Umeniongezea maana ya tano, nami nitaiweka kitabuni bila kukutaja.

Kofia yangu imeanza kuzunguka upande wa akina mama. Mhadhara ni wa bure, ila mhadhiri hana nauli ya kurudi Mwingi. Asiye na pesa mkononi atumie M-Pesa, na utingo wa Tanga atoe mara mbili.