Chasisi ya Mzee wa Pangani

Injini ya Canter ilikaa ukumbini mwetu miezi minne, imefunikwa khanga. Fundi alileta turubai, mama akalikataa. Alisema turubai ni la kufunikia mzigo, na injini ile kwake haikuwa mzigo. Akaingia chumbani, akatoka na khanga iliyofifia kwa kufuliwa, akaifunika mwenyewe na pindo zake akazichomeka chini. Wageni waliokuja kutusalimu walikaa mkekani pembeni yake wakanywa chai, wala hakuna aliyeuliza kwa nini iko ndani. Magomeni yetu hii ya Bagamoyo kila mtu alilijua gari la baba.

Kwa gari lile baba alibeba samaki na chumvi, na msimu ukifika alikwenda Kiwangwa kupakia mananasi ya kupeleka soko la Mabibo, Dar es Salaam. Juu ya kioo cha mbele alimwandikisha mchoraji maneno mawili na kiungo chake: Radhi ya Mama. Alifariki mwaka 2016. Stika ya leseni ya barabara ya mwaka ule ilibaki kwenye kioo, na hata Serikali ilipoifuta ada ile ya kila mwaka mnamo 2017 hatukuibandua.

Kilichoimaliza Canter ni maji ya samaki. Barafu ikiyeyuka kwenye matenga hutiririka na chumvi yake, hupenya kati ya mbao za bodi, hutua juu ya reli za chasisi na kulala hapo usiku kucha. Kwa miaka mingi hakuna aliyeona kitu, maana nani huchungulia chini ya gari linalotembea? Mwaka 2019 mdogo wangu alipotaka kulirudisha barabarani, injini, 4D32, iliwaka kwa mara ya pili tu. Kichwa kilikuwa kizima na buluu yake. Fundi akaingia uvunguni, akaigonga reli ya kushoto nyuma ya giaboksi, na kutu ikabanduka tabaka kwa tabaka kama mkate wa ajemi.

“Hii haichomelewi, mama,” alisema akijifuta uso. “Ukiipakia tani mbili, itavunjika njiani na vijana wako wamo ndani.”

Ndipo ilipopatikana Canter ya pili, Tegeta. Ilikuwa imepinduka, kichwa kimebonyea, na injini yake, 4D33, imetoboka bloku. Chini yake, chasisi imenyooka kama rula. Tukaichangia: mimi nilitoa akiba ya mshahara, mdogo wangu pesa ya bodaboda aliyoiuza, na mama zamu yake ya upatu. Tukaikokota mpaka uani.

Kazi yenyewe ilifanyika chini ya mwembe. Cheni bloku ilifungwa kwenye tawi nene, na kila kiungo cha gari la baba kilipanda hewani na kushuka mahali pengine. Nati na bolti zilijaa sufuria ya kuchemshia maharage. Kiti cha dereva kiliwekwa barazani, kuku akatagia humo, na mama akakataza kisiguswe mpaka vifaranga watoke. Fundi na dogo wake walikula kwetu mchana wote wa miezi ile. Sijutii hata sahani moja, maana nilimwona yule dogo akijifunza kazi, kuanzia kuosha nozeli kwa dizeli hadi kupanga klachi mwenyewe.

Siku kichwa cha buluu kilipotua juu ya chasisi ngeni, na bodi ya mbao ya baba ikafuata, mama alilizunguka gari polepole.

“Kila ninachokiona ni cha baba yenu,” alisema. “Mrudishieni na namba yake.”

Hapo ndipo safari yenyewe ilipoanza.

Kwenye ofisi ya usajili wa magari nilipokewa na dada mpole aliyenisikiliza hadi mwisho. Tanzania Bara, usajili wa magari uko chini ya Mamlaka ya Mapato, kwa sheria iliyotungwa mwaka 1972. Kadi ya gari huandikwa namba ya chasisi, namba ya injini, ujazo wake, rangi na mengineyo. “Dada,” aliniambia, “injini ikibadilika tunaandika nyingine. Rangi, vivyo hivyo. Lakini gari ni chasisi. Mnalolileta ni lile la Tegeta, limewekewa injini nyingine. La marehemu baba yenu ndilo lililokufa.”

Nilitoka nikakaa kwenye kivuli nje, faili mapajani. Sikujua nitamwambia vipi mama kwamba kila anachokiona si gari, na gari ni kile asichokiona.

Jioni ile mchomeleaji mmoja aliyesikia habari zetu alikuja na dawa. Akate kipande chenye namba kwenye chasisi ya baba, akipachike kwenye hii mpya, apige msasa na rangi. Nusu saa tu. Angekuja baada ya isha. Ninakiri tulilijadili. Mdogo wangu alisema hatumwibii mtu, magari yote mawili ni yetu. Mama alikuwa kimya, anachambua mchele. Kisha akauliza, “Kama ni kazi ya halali, mbona haji saa nne asubuhi kama fundi?” Hakuna aliyemjibu, na mchomeleaji aliaga. Mpaka leo nikikumbuka tulivyokaribia nashika kifua. Namba ya chasisi ndiyo inayomsaidia mtu aliyeibiwa gari kulitambua. Ukiifuta, umewafungulia mlango wezi wa magari ya watu wote.

Faili sasa likawa mawili. La kwanza, kulifuta gari la baba, na marehemu hatii saini. Tukafanya kikao cha ukoo, tukaandika muhtasari, tukachukua cheti cha kifo kwa RITA, tukaenda Mahakama ya Mwanzo. Mimi ndiye niliyeteuliwa msimamizi wa mirathi. Baba mdogo alilileta neno ambalo hatukuliwaza: ile injini si ya mdogo wangu, wala ya gari jipya, ni ya warithi wote, na kichwa kadhalika. Ilibidi vithaminiwe. Mama thumuni yake, kilichobaki cha watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Mwanzoni nilimwona anatuchelewesha. Nilipokaa na kalamu nikafikia mafungu ya dada zangu wawili walioolewa mbali, nikashukuru. Wote walikubali mafungu yao yabaki garini, lakini walikubali baada ya kuulizwa.

Nilipokuwa najaza Fomu namba 5, ile ya orodha ya mali, nilisoma kwa sauti: nyumba moja, shamba la minazi Kiromo, gari moja, bovu. Mama akainua mkono. “Andika gari. Hilo bovu liache.” Nikamweleza kwamba mahakama inataka hali ya mali ilivyo. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema niandike.

Faili la pili, la kulihamisha gari la Tegeta kuja kwetu, lilitupeleka mbali zaidi. Aliyetuuzia Tegeta hakuwa yeye aliyeandikwa kwenye kadi. Alinunua kwa kupeana mikono, hakuhamisha jina. Mwenye jina alikuwa Pangani. Mdogo wangu nami tukapanda basi alfajiri: kilomita 64 hadi Msata, kisha daraja jembamba la Wami, Segera, Muheza, Tanga mjini, halafu tukashuka na pwani. Tulimkuta mzee barazani, karibu na kivuko cha kwenda Bweni.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, wanangu. Mmekuja na gari langu?”

Tukamweleza. Kichwa kimekwenda na injini imekwenda, imebaki chasisi. Aliuliza swali moja tu: kama bado tunaipaka oili chafu. Kila mwezi, alisema, yeye alikuwa akiingia uvunguni na brashi na kopo la oili iliyomwagwa, anaipaka reli yote mpaka kwenye namba, kwa sababu upepo wa bahari hauna msimu. Nilimtazama mdogo wangu. Sasa tulijua kwa nini haikuwa na kutu. Mzee akatia saini mkataba mbele ya wakili, akatupa nakala ya kitambulisho na namba yake ya mlipakodi, akakataa pesa ya usumbufu.

Ukaguzi ulichukua asubuhi moja. Askari wa usalama barabarani alijaribu breki na taa, kisha akapiga magoti karibu na tairi la mbele la kulia, akafuta vumbi, akasugua chaki juu ya tarakimu zilizogongwa hadi zikajitokeza nyeupe. Akazilinganisha na kadi moja moja. Akauliza injini imetoka wapi. Nikampa karatasi za mirathi. Alizisoma zote. Baadaye ukalipwa ushuru wa stempu na ada zake, na kadi mpya ikatoka: injini ya baba, ujazo 3,567 badala ya 4,214, rangi ya buluu, na chasisi ya mzee.

Siku ya kurudisha vibao vya zamani mama ndiye aliyevifungua kwa bisibisi. Aliviosha kwa sabuni, akavifunga kwenye ile khanga ya ukumbini, akanikabidhi. Khanga niliirudisha.

Mananasi ya kwanza yalipakiwa Kiwangwa wiki mbili baadaye. Gari liliporudi usiku, mama alikuwa ameketi barazani na taa, na miguuni pake kopo la oili chafu na brashi aliyoiomba kwa fundi. Aliinama karibu na tairi la mbele la kulia, akaifuta ile namba kwa upindo wa khanga, akamwita mdogo wangu aje ashike taa.